Jeneza Nililolisimamisha Mlangoni pa Miziki

Ninyi vijana mliokuja mwaka huu kuomba jile ya njano, kizibao cha kazi yetu, kaeni chini kwanza. Trésor, mkubwa wa komite, ameniomba niwaandikie neno juu ya kazi ya mlango, maana kamba ya kuzuia watu nimeishika miaka mingi kwenye festivali yetu hapa Mangobo. Nikamwambia mimi shule niliiacha nikiwa bado nachapwa kwa kupoteza kalamu. Akasema, "Koko, bibi yetu, andika vile unasemaka." Bon. Ninaandika vile ninasemaka. Kosa la maandishi mtalikosoa ninyi mliosoma. Kosa lingine, lile ambalo Mangobo yote inalijua, mtalisikia kwangu, kwa sababu toka kwa watu mnalisikia vibaya.

Kamba nimeirudisha. Siku hizi niko kwa maji, nyuma ya podium, jukwaa lile la miziki, najaza ndoo za wanamuziki. Trésor hakutaka. Mimi ndiye nilitaka.

Maisha yangu nimeuza samaki sokoni: mbichi wakiwepo, wa kukausha wakikosekana. Kazi hii ya bure imenikuta mzee. Bwana yangu alipokufa, nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nagombana na kuku ili nisikie sauti. Mjukuu wangu aliona haya yanakwenda kubaya, akanipeleka uwanjani kuwasaidia kubeba maji. Watu wa kanisa walisema, "Mama Aimée, na umri huo, kwenye miziki ya dunia?" Nikawajibu kwamba maji hayajui miziki ya dunia na ya mbinguni, kila mwimbaji anaona kiu. Nilikuwa na mdomo mimi. Mdomo huo ndio habari yenyewe, mtaona.

Siku ya kwanza niliaibika kidogo, aibu ya kucheka tu. Kijana wa sono, wa vyombo vya sauti, alisimama mbele ya mikro akisema, "Un, deux. Un, deux." Asubuhi yote. Nilimvumilia, nikamwonea huruma, mwishowe nikapanda podium nikamwambia, "Mwanangu, hata mimi niliyekimbia shule ninafika tatu." Mikro ilikuwa inafanya kazi. Waliokuwa wanapanga viti walianguka chini kwa kucheka, na kijana akaniambia kwa adabu, "Koko, tatu tunaiweka kwa wakati wa konseri." Basi nikajua ni kazi yake. Toka siku hiyo, kabla sijamkaripia mtu, niliuliza kwanza anafanya nini. Niliuliza kwa muda. Halafu nikaacha kuuliza.

Sasa mambo ya kazi, myashike.

Mtoto akipotea, hapana kutaja jina lake kwenye mikro. Ukilitaja, mtu yeyote anaweza kuja kuliita. Sema tu kuna mtoto, ataonekana kwa meza ya jile za njano. Anayekuja kumchukua, usimsikilize yeye, mwangalie mtoto. Mtoto akimjua mama yake, shingo yake inalegea.

Mlevi, usimfukuze akiwa peke yake na usimguse akiwa na rafiki zake. Mpe ncha ya kamba, umwambie, "Papa, nisaidie hapa, vijana hawa hawana nguvu." Mlevi akipata kazi anageuka polisi. Kuna mmoja alinishikia kamba mpaka jua likashuka, akawakagua watu kuliko mimi, akamkataza hata shemeji yake kuingia.

Watu wakisukumana, musiangalie vichwa. Vichwa vinacheza. Angalieni miguu. Miguu ikirudi nyuma na uso ukibaki mbele, huko mbele kuna jambo, kimbieni kumwambia mkubwa wenu.

Mkubwa wangu mimi alikuwa Riziki. Ni mwalimu wa primaire, shule ya msingi, wazazi wake walitoka Maniema, umri wake ni wa mtoto wangu wa mwisho. Msishangae kwamba mzee alifundishwa na mtoto. Riziki anasema polepole na anaona mbali. Alinifundisha kufunga kamba kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja, maana mkono mwingine siku zote uko na kazi. Na alinifundisha sharti moja la mlango wetu. Uwanja wa festivali unakula barabara inayoenda malaloni, kwa makaburi. Siku hizo komite inaifunga, na watu wa avenue walikubali kwa neno moja tu: maiti akifika, kamba inaanguka, miziki inanyamaza, mpaka wapite wote. Kwetu maiti hasimamishwi njiani, na hawekwi chini kabla ya kaburi lake. Riziki alilisema hivi: "Koko, mgonjwa na maiti hawangojake kamba."

Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nimezika watu wewe hujazaliwa."

Tuligombana juu ya jambo moja, pamba. Spika zile zinapiga kifua utasema mtu anatwanga pondu ndani yako. Nikachukua pamba, nikailowesha mafuta ya mawese kidogo, nikajaza masikio. Raha. Nikawa nafundisha wengine. Riziki akaja kwangu, akanionyesha masikio kwa kidole.

"Koko, toa ile."

"Juu ya nini? Mimi ninaona vizuri."

"Mutu wa mulango hasikie na macho."

"Na wewe ukifika umri wangu bila masikio, utafundisha watoto na nini?"

Akacheka, akaniacha. Mkubwa wako akicheka na kukuacha, si kwamba umeshinda. Amekuheshimu tu. Hilo nimelielewa nyuma.

Mwaka jana komite ilikataza lotoko uwanjani, kwa sababu pombe ile ilikuwa imeleta ngumi. Vijana wakatafuta njia. Siku ya kufungua festivali, nikaona kundi linakuja na kitu kirefu mabegani, kimefunikwa kwa kitenge, wameinamisha vichwa. Mmoja analia, lakini analia kama mtu anayekohoa. Nilikuwa nimekwisha kuweka mkono kwa fundo. Kisha nikaona kitenge kinadondosha maji, na maji yale yaliacha doa jeusi kwa shati la kijana.

"Poleni, wanangu," nikasema. "Ni nani amekufa?"

"Tonton wetu, ndugu ya mama, Koko."

"Jina lake?"

"Papa Jean," akasema wa mbele. "Papa André," akasema wa nyuma, wote mara moja.

"Tonton iko na majina mawili," nikasema, "na iko anatoa utomvu. Muweke chini, tumuone."

Nikavuta kitenge. Mgomba. Shina la mgomba limekatwa vizuri, na kando yake bido, madumu ya lotoko, zimelala kama watoto pamoja na mama yao. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wale vijana wakacheka vilevile, mmoja akaniambia, "Koko, weye hata malaika hatapita kwako." Trésor akalisimulia kwenye mikro mbele ya watu wote. Sokoni, barabarani, mtu akiniona ananiita, "Koko, tonton amefufuka?" Nikajibu, "Amepikwa." Nilipenda, sitadanganya. Bibi wa kuuza samaki, nani alikuwa amewahi kutaja jina langu kwenye mikro? Usiku huo sikurudi nyumbani, nililala kwa mjukuu wangu karibu na uwanja. Simu yangu ilikuwa imekwisha moto, chaji hakuna, sikuihangaikia.

Sasa lazima niwaambie juu ya Mama Dido.

Mama Dido ni mtu wa Yanonge, wa familia za mtoni. Meza yake na meza yangu sokoni zilikuwa zinagusana. Mtu akija kwangu hakuna samaki anayemtaka, ninamsukuma kwake, naye vilevile. Bwana yangu alipokufa, yeye ndiye aliyelala kwa mkeka wangu mpaka matanga yakavunjwa. Alinishikilia kichwa. Alinitwangia lituma ya ndizi na kunilisha kwa mkono, kama mtoto, kwa sababu nilikuwa nimekataa kula. Mwanaye wa kwanza, huyo Dieudonné tuliyemwita Dido, alikuwa wa toleka, kubeba watu kwa baiskeli. Baiskeli yake aliifunga redio nyuma ya kiti, ukapanda na miziki. Mimi mwenyewe amenibeba mara nyingi na vikapu vyangu, akiimba, na nikamwambia aangalie mashimo.

Homa ilimpata Dido wiki ile ya festivali, ikamwua upesi. Mama Dido alituma mtu kwangu, hakunikuta. Mkwe wangu alipiga simu. Simu nimekwisha kuwaambia.

Siku ya pili ya festivali, mchana, orchestra kubwa ilikuwa juu na watu wamejaa. Nimetia pamba yangu. Nikaona toleka wengi wanakuja barabarani, wamefunga matawi ya majani kwa gido, usukani wa baiskeli. Mbele, baiskeli mbili zinasukumwa bega kwa bega, na juu yake sanduku la mbao limefungwa kwa kitenge. Vijana wanaosukuma walikuwa na jasho na macho mekundu. Mimi nikasema moyoni: leo wameongeza akili, wameleta na sanduku.

Kengele za baiskeli walizipiga zote. Sikuzisikia. Nyuma yao wanawake walikuwa wanalia. Sikusikia.

Nilipita chini ya kamba nikaenda kusimama mbele yao. Kijana wa mbele akafungua mdomo, akaniambia neno, nikamwonyesha mkono anyamaze. Nilikuwa na fimbo yangu ya kupangia watu. Nikaigonga juu ya sanduku, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Nikasema kwa nguvu, maana nilitaka nisikike juu ya spika:

"Mushushe chini. Fungueni, tuone mugomba wa leo kama umeiva."

Riziki alikuwa upande wa podium. Yeye alikuwa amewaona toka mbali, na akakunja mikono kichwani, alama yetu ya kusimamisha. Orchestra ilikata palepale. Mimi sikujua. Neno langu lilitoka ndani ya kimya. Uwanja mzima ulilisikia, toka mlangoni mpaka podium. Na nyuma kabisa, kuna watu ambao walikuwa wanakumbuka tonton wa siku iliyopita, hao wakacheka. Si wengi. Lakini walicheka.

Vijana wa toleka waliosukuma walisimama ghafla, baiskeli moja ikalala, sanduku likateleza. Walilidaka, lakini ncha moja iligusa chini, kwenye vumbi, mbele ya miguu yangu.

Nikatoa pamba sikio moja. Hapo nikasikia kilio.

Mama Dido alipita katikati ya baiskeli. Miguu bila viatu, kitenge kimefungwa kiunoni, nywele hazina kilemba. Akatazama sanduku, ncha yake chini. Akatazama fimbo. Akanitazama mimi, na kwa muda ilikuwa kama hanijui, kwa sababu ya jile.

"Mama Aimée," akasema. "Ni weye?"

Mdomo wangu ule, siku hiyo nilipouhitaji, haukuwa na kitu.

Kijana mmoja wa toleka alinyanyua mkono anipige, na wenzake hawakumzuia sana. Aliyemzuia ni Riziki, aliyefika akikimbia. Alivuta kamba kwa mkono mmoja, fundo likafunguka, akapiga magoti barabarani. Watu wa karibu naye wakapiga magoti. Halafu wengine. Vijana wakanyanyua sanduku wakapita kati yao, na hakuna sauti ila minyororo ya baiskeli. Mimi nilibaki nimesimama peke yangu na fimbo, mrefu kuliko wote, kila mtu ananiona.

Nyuma ya hapo orchestra ilianza tena. Inabidi ianze, watu wamekuja. Riziki alinipeleka nyuma ya jukwaa, akanipa maji. Nikamngojea aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Laiti angesema.

"Kesho asubuhi tutaenda matanga," akaniambia. "Mimi na weye."

"Watanifukuza."

"Bon, watakufukuza. Lakini watakuwa wamekuona umefika. Na Koko, hapana kwenda na maneno mengi."

Asubuhi nilibeba mkungu wa makemba, ndizi za kupika, kichwani, Riziki akabeba kuni. Avenue nzima ilikuwa inajua. Mtoto mdogo anayecheza mpira wa matambara akaita, "Koko Mugomba!" na mama yake akamvuta ndani. Jina hilo ninalo mpaka leo. Mkilisikia, jueni linatoka wapi.

Vijana wa toleka walikuwa wamekaa kwa mlango wa parcelle, kiwanja cha nyumba ya Mama Dido, baiskeli zao zimelazwa na matawi yamenyauka. Hawakunyanyuka.

"Koko," akasema mmoja, "kuna jeneza ingine unatafuta kupima?"

"Mwache," akasema mwingine. "Amekuya na mugomba yake, angalia, iko na matunda kabisa."

Walicheka bila raha. Nikaona mkungu wa makemba kichwani mwangu, nikaelewa nilichobeba. Katika vitu vyote vya kupeleka matanga, nilichukua kile. Sikuweza kuutupa, sikuweza kuendelea nao. Nikasimama. Ningekuwa peke yangu ningerudi, wanangu, hilo mlijue. Riziki akanisukuma mgongoni kwa kuni zake.

Wanawake walikuwa kwenye mkeka. Mama Dido ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Niliweka mkungu pembeni, nikakaa chini kwa ardhi, mbali na mkeka. Wanawake walikata maongezi. Dada yake Mama Dido, aliyetoka Yanonge kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, akaniuliza nilifuata nini, kama waliobaki hai ninataka kuwagonga na fimbo vilevile. Hapakuwa na uongo katika alilosema.

Kisha Mama Dido akanyanyua mkono kidogo, dada yake akanyamaza.

"Mama Aimée," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Jana ulisema neno pale. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, tunalia, sikulisikia. Toka jana kila mtu ananiletea lake. Mmoja anasema ulimtukana mutoto wangu. Mmoja anasema ulisema yeye ni mwizi. Sikulala, ninayageuzageuza. Weye sema. Ulisema nini?"

"Mama Dido, mimi nilidhani—"

"Sikukuuliza ulidhani nini. Neno lenyewe."

Nilitazama Riziki. Alikuwa anatazama chini. Nilitafuta namna ya kulisema dogo. Niseme tu nilitaka waonyeshe. Niseme nilifanya kazi. Kila nililolishika lilikuwa uongo, na yule ndiye mtu aliyenilisha kwa mkono wake.

Nikasema, "Nilisema: mushushe chini. Fungueni, tuone mugomba wa leo kama umeiva."

Nililisema mbele ya mama yake Dido, mbele ya shangazi zake, na wale vijana wa toleka wamekuja kusimama nyuma yangu. Siku ile uwanjani lilikuwa neno la kuchekesha. Pale mkekani lilikuwa refu, haliishi. Nilisikia kila kipande chake. Hakucheka mtu.

Mama Dido alifunga macho. Nikaona midomo yake inatembea, kama mtu anayelirudia polepole ili alijue.

"Ni hilo?"

"Ni hilo."

"Lote?"

"Nilibisha kwa fimbo vilevile."

Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa analia sasa, analia vizuri.

"Dido angecheka," akasema Mama Dido. "Neno kama lile, angelizungusha na toleka mji wote." Akafungua macho. "Mimi siwezi."

"Ndiyo, mama."

"Siwezi, Mama Aimée. Usiningoje."

Kisha alikunja miguu yake, ile aliyokuwa ameinyoosha, akaivuta kwake. Palibaki nafasi kwenye mkeka, ndogo, ya mtu mmoja. Hakunionyesha kwa mkono wala kwa jicho. Nikajivuta hapo, nikakaa. Sikumgusa. Mpaka siku ya kuvunja matanga niliosha vyungu vyake na kulala hapo, na hakuniambia neno lingine, na mimi sikumtafuta neno.